Dirisha Alilolichora Korl Havemann

Habari hii alinieleza Alwine Tiedtke mwenyewe, Novemba ya mwaka 1974, siku tuliyokuwa tukinyonyoa mabata bukini kwenye jiko la chekechea. Siku zile chekechea ilikuwa ndani ya jumba la bwana, na jiko lilikuwa lilelile la zamani, kule chini ya nyumba, lenye dari ya mviringo inayodondosha maji ukichemsha viazi. Tulikuwa wawili tu. Nilikuwa nimemuuliza swali la kipuuzi: kwa nini lile dirisha la juu, la pili kutoka kona ya kushoto, lina fremu ya zizini, na mengine yote yana fremu ndefu nyeupe? Alwine aliendelea kunyonyoa mpaka bata akaisha. Akachukua mwingine, akamlaza mapajani, ndipo akaanza.

Lazima nikueleze nyumba yenyewe kwanza, maana bila nyumba hakuna habari. Ghorofa ya juu ina madirisha kumi na moja upande wa mbele: matano kushoto, moja katikati juu ya mlango mkubwa, matano kulia. Bwana wa kwanza, aliyeijenga zaidi ya miaka mia moja na hamsini kabla ya vita, alikuwa ameona jumba la namna hiyo safarini. Akataka lake liwe hivyohivyo, kushoto na kulia sawasawa kama uso wa mtu. Mkewe naye akataka chumba cha kuwekea mashuka, chumba cha giza, mashuka yasigeuke manjano. Na dohani ya jikoni, njia ya moshi, ilikuwa lazima ipande kwenye kona ileile. Basi fundi akafanya kama mafundi wa wakati ule walivyofanya. Kwenye ile kona ya kushoto aliweka madirisha mawili ya uongo. Kingo aliweka, kizingiti aliweka, hata tao la matofali juu yake la kubeba uzito alilijenga, kana kwamba ipo siku watu watafungua. Katikati akaziba kwa ukuta, na juu ya ukuta ikapakwa rangi: vioo vya rangi, fremu za rangi.

Wakati wa bwana wa mwisho, aliyeyapaka madirisha hayo alikuwa Korl Havemann, mwashi na mpaka rangi wa shamba. Alianza akiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu. Vioo alivipa kijivu na buluu kidogo, kama wingu limeangukia pale. Mke wa bwana alimwomba pazia, akachora pazia jeupe lililovutwa nusu. Kivuli cha fremu alikichora jua likiwa linatoka mashariki, kwa hiyo asubuhi usingeweza kuyatofautisha na madirisha ya kweli. Alasiri kivuli kilikuwa upande mbaya. Watu walimtania, naye alijibu, "Nipeni ngazi ndefu zaidi, nikalihamishe jua."

Ikaja 1945. Bwana na familia yake walikimbia na mkokoteni, wanajeshi wakapita, mashamba yakagawiwa watu. Halafu wakaja wakimbizi kutoka Prussia Mashariki, wengi kuliko sisi wenyeji, na wilaya ikamwagiza mwenyekiti mpya wa kijiji aandike orodha ya vyumba, haraka, siku mbili. Mwenyekiti huyo alikuwa Fritz Zander, aliyekuwa mtunza farasi. Alikuwa amefanya kazi pale miaka ishirini na sita na hajawahi kukanyaga ghorofa ya juu. Watu wa shamba walipitia mlango mdogo ulio chini ya ngazi kuu, wakaishia jikoni. Sasa nyumba ilikuwa tupu, bwana hayupo, na bado Zander alishindwa kupanda. Aliona haya kuingia kwenye vyumba vya watu kulalia vitanda vyao kwa macho. Akasimama kwenye majani mbele ya nyumba, akalamba ncha ya penseli, akahesabu kutoka nje. Madirisha mawili, chumba kimoja. Chumba kimoja, familia moja.

Alwine alikuwa na miaka ishirini na minne, na mama yake, Auguste, sitini na mmoja. Walipewa namba kumi na tisa. Walipofungua mlango walikuta giza na rafu za mbao ukuta mzima. Alwine alimkalisha mama yake juu ya furushi, akashuka jikoni kumtafuta Zander.

"Bwana mwenyekiti, chumba chetu hakina dirisha."

"Kina mawili."

"Hakina hata moja."

"Binti, nimehesabu kwa macho yangu haya. Kumi na tisa, Tiedtke, madirisha mawili. Nyie wa Mashariki huko kwenu mlikuwa mnalala makanisani, hata mawili hayawatoshi?"

Akamtoa nje, akamsimamisha kwenye majani, akanyoosha kidole. "Lile, na lile. Hata pazia mmewekewa. Nenda kawaulize wenzako kama wana pazia."

Alwine aliniambia hapo alicheka na kulia kwa wakati mmoja, akashindwa kujua kipi kilitangulia. "Panda mwenyewe ukaone," akamwambia.

Zander alivua viatu vyake vya mbao chini ya ngazi, akapanda na soksi. Akaingia kwenye kile chumba, akaupapasa ukuta kwa kiganja, taratibu, kama anavyopapasa tumbo la farasi mwenye mimba. Kisha akasema, "Havemann. Shetani mzee."

"Sasa tupe chumba kingine."

"Hakuna kingine. Na orodha imeshakwenda wilayani. Wamenisifu, wamesema kijiji chetu ndicho cha kwanza kumaliza."

"Andika nyingine."

"Niwaambie nini, mama? Kwamba nimehesabu rangi?" Akavaa viatu vyake, asimtazame. Jioni alileta taa na chupa ya mafuta, akaviweka mlangoni bila kubisha.

Wakakaa hivyo. Mashuka yalikuwa yameibwa zamani, rafu moja wakaifanya kitanda. Ukuta wa dohani ulikuwa na joto kidogo watu wakipika chini, hilo lilikuwa jema lake. Lakini hewa ilikuwa hewa ya kabati, na Auguste alikuwa amekwishaumia kifua njiani, kwenye barafu. Mwezi wa pili alianza kukohoa damu. Daktari alikuja mara moja, akatazama, akasema apewe maziwa, kana kwamba maziwa yalikuwepo.

Auguste hakuogopa kufa. Aliogopa kufa mle. Kwao, na hata huku kwetu, mtu akikata roho yupo wa kufungua dirisha palepale, roho ipate pa kutokea. Usipofungua, inabaki inazunguka chumbani, inagonga pembe kwa pembe, na waliobaki hawapati amani. Auguste alikuwa amewafungulia dirisha baba yake, mumewe, na watoto wake wawili. Kila siku alimwambia binti yake neno lilelile: "Usiniache kabatini, Alwine."

Alwine alihangaika. Alibisha kwa Lisbeth Kroschel, chumba kilichoelekeana na chao, chenye madirisha mawili ya kweli. Lisbeth alisimama mlangoni na mtoto kiunoni, mwingine amemshika sketi.

"Mimi binafsi ningempokea, Mungu anaona. Lakini nina watoto watano, na kifua kile..."

"Ni kwa siku chache tu, Lisbeth."

"Siku chache zinatosha." Na yeye akaanza kulia. Alwine hakumlaumu, hata aliponisimulia hakumlaumu.

Dirisha la korido lilikuwa limepigiliwa mbao, vioo vyake vilivunjwa na wanajeshi. Alwine alisema mbao zingeweza kung'olewa, wamhamishie mama pale. Auguste alikataa. "Sifi njiani, watu wakinivuka na ndoo za kinyesi."

Basi Alwine akaenda kwa Korl. Mzee alikuwa na miaka sabini na mmoja, anaishi peke yake kwenye nyumba ya kufulia, nyuma ya jumba. Wanawe wote wawili walikuwa wamefia vitani, na mkewe hakumaliza mwaka baada ya kifo cha wa pili. Alimkuta Alwine mlangoni akamkaribisha, akampa kiti, akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema hapana.

"Ukuta ule una unene wa matofali mawili, binti. Na nyuma ya dirisha moja kuna dohani. Ukitoboa mahali pabaya unaivuta nyumba nzima na moshi wake kitandani kwa mama yako."

"Wewe unajua ni lipi lenye dohani?"

"Najua."

"Basi toboa lile jingine."

Korl akachukua kijiti, akachokoa moto ambao haukuhitaji kuchokolewa. "Miaka arobaini na minane," akasema. "Nimejenga mazizi, mabanda ya nguruwe, nimepiga chokaa vyoo. Hakuna mtu aliyewahi kusimama kutazama choo. Yale madirisha walisimama. Wanajeshi walivunja kila kioo cha nyumba hii, kila kioo, lakini vyangu hawakuvigusa. Vimebaki hivyo tu."

"Mzee Korl, mama yangu anakufa."

"Nimesikia."

"Anakufa gizani."

"Nimesikia, mama. Si kiziwi." Alwine akaondoka, akaubamiza mlango.

Kesho yake asubuhi Korl alipanda juu mwenyewe. Alisema anakuja kupima ukuta, awaonyeshe kwamba haiwezekani. Alikuwa na kipande cha kamba na penseli sikioni. Taa ilikuwa ndogo, Auguste alikuwa amelala kwenye rafu, amefunikwa makoti mawili.

"Nani huyo?" akauliza.

"Havemann, mpaka rangi."

"Ndiye wewe mwenye dirisha?"

"Ndiye."

Auguste alipumua mara mbili tatu kabla ya kuendelea. "Tulipofika mwezi wa kumi nilikuwa juu ya mkokoteni. Miezi tisa tulikuwa njiani. Nikaliona kwa mbali. Nikamwambia huyu, tazama, mwanangu, wametuachia pazia. Huenda ni watu wema." Akakohoa. "Lilinipendeza sana. Pazia limevutwa nusu, kama kuna mtu ndani ametoka kidogo tu, anarudi sasa hivi."

Alwine aliniambia Korl hakupima kitu. Alisimama na kamba yake mkononi. Kisha akakaa kwenye ukingo wa rafu, ingawa hawakujuana, akamvutia Auguste koti moja hadi begani.

"Kesho," akasema. "Nitaanza kesho."

Akashuka kwa Zander kumwambia. Zander akaruka. "Kuvunja ukuta? Nyumba sasa ni mali ya umma! Lazima niandike wilayani. Na nikiandika wataniuliza kwa nini, na nikisema kwa nini, nitakuwa kichekesho cha wilaya nzima."

"Ulihesabu uchoraji wangu, Fritz. Ni sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa."

"Usinitanie, mzee."

"Sikutanii. Yule mwanamke hatamaliza wiki."

Zander akazungukazunguka jikoni, akafunga rejista yake, akaifungua, akaifunga. Mwishowe akachukua kofia. "Kesho na keshokutwa nina mkutano wilayani," akasema. "Mimi sipo. Sioni wala sisikii." Akafika mlangoni, akageuka. "Ngazi ndefu iko zizini, nyuma ya matandiko. Ile fupi imeoza, usiipande."

Mkutano haukuwepo. Lisbeth alimwona siku zote mbili kwenye ghala la nyasi za farasi, amekaa anapiga miluzi.

Korl alitoboa kutoka nje, mgonjwa asile vumbi. Ilikuwa mwezi wa tatu mwanzoni, baridi bado kali, jua lipo lakini halina nguvu. Alipanda na nyundo, patasi na ndoo iliyofungwa kamba. Wakimbizi wakatoka kutazama, na wenyeji nao. Mtu mmoja alimwuliza kutoka chini atajuaje lipi lina dohani, maana yote mawili yanafanana kama mapacha.

"Yanafanana kwako," Korl akajibu bila kugeuka. "La dohani linapata joto, rangi inabanduka kila miaka miwili. Hili la pili halibanduki. Mara ya mwisho nililigusa kabla ya vita, na litazameni."

Wote wakalitazama. Lilikuwa zima, na wingu lake. Lilikuwa bora kati ya yale mawili, na ndilo la kuvunja.

Alianza juu kabisa, chini ya tao. Tofali la kwanza lilimchukua nusu saa. Yaliyofuata yalitoka upesi, chokaa ya zamani ni laini ukiijua. Kila tofali alilishusha na ndoo, hakutupa hata moja. Wanawake chini waliyagonga chokaa na kuyapanga, maana tofali zima siku zile lilikuwa kitu. Na kila moja lilikuwa na rangi upande mmoja: hili kipande cha kioo, hili kipande cha pazia. Lisbeth alisema yalipopangwa kwenye majani, mtoto wake wa pili alikuwa akijaribu kuyaunganisha tena, akamchapa mkono, kisha akajuta.

Ndani, Auguste alisikia. Siku ya kwanza alikuwa na nguvu ya kuuliza. "Amefika wapi?"

"Safu ya nje anaimaliza, mama."

"Ana glavu?"

"Sijui, mama."

"Mwambie avae glavu. Baridi hii."

Siku ya pili hakuuliza tena. Alwine alikuwa hajalala siku tatu. Alikaa na kiganja kimoja kwenye paji la mama yake na kingine ukutani, na nyundo ilimpigia kiganjani kama moyo wa mtu mwingine. Karibu na adhuhuri ukuta ulianza kutoa mchanga kwenye viungo. Korl alikuwa amebakiza safu moja. Aliita kupitia ukutani, sauti ikaja kama ya mtu aliye kisimani: "Mfunike uso, naingia sasa!"

Alwine alichukua kitambaa amfunike. Ndipo akaona kwamba mama yake hapumui.

Alisubiri. Akaweka sikio kifuani. Akasubiri tena, kwa kuwa usiku uliopita pia pumzi ilikuwa imesimama na ikarudi. Safari hii haikurudi. Nyundo iligonga mara nne, tano. Aliniambia alitaka kupiga kelele, "Haraka!", na sauti haikutoka, na baadaye alijiuliza ni haraka ya nini.

Tofali likayumba, likavutwa nje, na mwanga ukaingia. Si mwingi, ukubwa wa mkate. Uliangukia rafu ya juu, penye herufi za jina la bwana zilizochongwa, ambazo hakuna aliyekuwa ameziona tangu wafike. Kisha tofali la pili, na la tatu, na mwanga ukashuka mpaka kitandani. Baridi ikaingia nao, na harufu ya theluji inayoyeyuka.

Mkono wa Korl ulishika ukingo. Ulikuwa hauna glavu, vidole vina damu. "Yupo?" akauliza. Kutoka kule juu ya ngazi hakuweza kuona ndani, macho yake yalikuwa yamezoea mwanga wa nje.

"Yupo," Alwine akasema.

"Anaona?"

Alwine aliponifikisha hapo alimweka bata kando. Alisema tangu utotoni hakuwahi kumdanganya mtu mzima, mama yake alimlea hivyo. "Anaona," akamjibu.

"Mwambie limechelewa kidogo," Korl akasema. "Mwambie nisamehewe, mikono si ile ya zamani."

"Amesikia, mzee."

Korl akashuka ngazi. Ilimchukua muda, na muda huo Alwine aliutumia kumnyoosha mama yake mikono, kumfunga kidevu kwa leso, na kumsogeza uso kuelekea tundu. Nilimwuliza, "Ile roho, Alwine, unadhani ilitoka?" Akasema hajui. Wapo wanaosema husubiri kidogo, saa nzima hata. Wapo wanaosema ni palepale, pumzi ya mwisho, kisha basi. Miaka ishirini na minane alikuwa akifanya kazi ndani ya nyumba hii, akiwapikia watoto wa watu, na kila akipanda juu kuleta mablanketi kwenye kile chumba anasimama kwanza mlangoni. Hajawahi kusikia kitu. Lakini kutosikia, alisema, si jibu.

Korl aliingia, vumbi la chokaa mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amevua kofia tangu kwenye korido. Akaenda moja kwa moja kwa marehemu, akamgusa shavu kwa mgongo wa mkono. Mtu aliyemzika mkewe anajua shavu lililopoa sasa hivi na lililopoa kitambo. Alwine alimwona akijua. Alimngoja aseme.

"Ameliona, basi," Korl akasema.

"Ameliona."

"Vizuri."

Juu ya hilo hawakusema zaidi ya hapo, siku ile wala siku nyingine, na mzee aliishi miaka minne tena; wiki ileile alitia kwenye tundu fremu aliyoing'oa zizini, maana hapakuwa na nyingine. Alimwinua Alwine kwenye kigoda kwa kumshika kiwiko, akamwambia, "Nenda ukalale, mwanangu. Mimi nitamkalia. Mtu asiachwe peke yake."

"Silali. Nitaenda kumwita mchungaji."

"Mchungaji atakuja. Fritz amekwisha kwenda kumfuata, nimemwona kutoka juu ya ngazi akitandika farasi. Lala."

Ilikuwa saa nane mchana. Hapakuwa na kitanda kingine, kwa hiyo Alwine alipanda kwenye rafu ya chini, ng'ambo ya mama yake, akajikunja na koti moja kati ya yale mawili, maana lile jingine Korl alisema libaki kwa mgonjwa, kisha akajirudi na kusema libaki kwa mama. Mwanga ulimwangukia usoni. Alitaka kugeukia ukutani, akaona aibu kuupa mgongo, ulivyotafutwa. Akabaki hivyohivyo, macho yakimuuma. Nje wanawake walikuwa bado wanagonga chokaa kwenye matofali, polepole, na mzee amekaa kwenye kigoda, mikono imelegea magotini. Alwine alihesabu mapigo ya nyundo mpaka kumi na moja, au kumi na mbili, akapitiwa na usingizi.